Mtoto wa Mjomba

Siku mliyoniaga mlinikatia keki, mkanivisha kitenge, na Deo, mtayarishaji wetu, akasema mbele ya watu wote kwamba Bi Tatu asiondoke na mambo yake kichwani, ayaandike ili vijana wa chumba cha sauti wayasome. Nilicheka nikidhani ni maneno ya sherehe. Baadaye akanipigia simu kuuliza nimefikia wapi. Basi haya. Anayetafuta habari za vyeo na mishahara aishie hapa hapa, maana hizo hata mimi zilinichosha wakati nazisubiri.

Kwa asiyenifahamu, nilikuwa fundi sauti wa Baraza la Wawili tangu miezi ya mwanzo ya kipindi. Wapenzi, wachumba na wanandoa walikuja ukumbini kwetu, Morogoro mjini, kushitakiana mbele ya kamera: nani kamsaliti nani, nani kafukuza nani, mtoto ni wa nani. Hakimu hakuwa hakimu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa somo la uraia mwenye sauti nzuri. Tukamshonea joho jeusi, na nyundo yake ilichongwa na fundi wa vitanda. Lakini watu walimheshimu sana. Wengine walimwamkia shikamoo, wakajibiwa marahaba, ndipo wakaanza kutukanana.

Niliajiriwa kwa sababu ya ugomvi. Mafundi wote walikuwa wanaume, na siku moja mume wa mlalamikaji alimkuta fundi anahangaika kubana maiki kwenye blauzi ya mkewe. Hakuuliza, alirusha ngumi. Uongozi ukaamua atafutwe mwanamke haraka, na mimi nilikuwa redioni, nimeshazoea waya na vifungo. Siku yangu ya kwanza Mzee Msabaha, mkuu wa chumba cha sauti, hakunionyesha mashine yoyote. Alinikalisha katikati ya ukumbi mtupu, akaniambia nifumbe macho nimtajie kila ninachosikia. Nikataja bodaboda za nje, mtu anafagia, feni. Akasema, "Na bati je? Hulisikii bati linavyolia likipata jua?" Sikulisikia. Akaniacha pale mpaka nikalisikia, kisha akaenda kunywa chai bila kuniaga.

Mzee yule alinifundisha mambo ambayo hamtayakuta kwenye kitabu cha mashine. Omba ruhusa kabla ya kumgusa mtu kifuani, hata kama ni mwanamke mwenzio, hata kama mmechelewa. Khanga inateleza, kwa hiyo bana maiki kwenye ushungi, tena kwenye pindo. Bangili zivuliwe. Feni zizimwe, na jasho ni la wote. Mvua ikianza kushuka kutoka mlimani mna muda mfupi wa kumwambia hakimu aende mapumziko, maana ikifika juu ya bati hakuna ushahidi utakaosikika. Na jambo lililonichukua muda kulielewa: watu wetu wakiapa hujipiga kifuani. Mtu akisema haki ya Mungu na kiganja kikatua juu ya maiki, masikio yako yatalia siku nzima. Kwa hiyo nilijifunza kutazama mtu anashika kikombe kwa mkono gani, halafu nikabana maiki pembeni, mkono huo usikofika. Kwa kipindi chenye uongo mwingi kama chetu, utaalamu huo ulinifaa kila Jumamosi.

Kisha kuna maiki yenyewe. Ikishawashwa inasikia, iwe mwenyewe anakumbuka kuwa amevaa au amesahau. Watu walisahau. Nilisikia dua, nilisikia matusi ya kunong'ona kwa mawifi, nilisikia matumbo yenye njaa. Kijana mmoja kutoka Ngerengere aliambiwa na hakimu kwamba vipimo vya vinasaba vinaonyesha mtoto si wake. Aliruka juu, akacheza, akapiga saluti kwa watazamaji, ukumbi ukavunjika mbavu. Alipotoka alikuwa bado amevaa maiki yetu. Kule nyuma kwenye ngazi nikamsikia anajisemea taratibu, "Sasa Jumatatu nani atampeleka kliniki?" Akairudia. Nilishusha sauti yake nikavua hedifoni.

Sasa niwaeleze kesi iliyonifanya nikichukie kipindi, kwa sababu wengi wenu mnaijua kwa kile kipande cha kwenye simu tu, na kipande kile si kesi.

Mlalamikaji aliitwa Gaspari, mwenyeji wa Songea, mfanyakazi wa shamba la miwa. Mkewe, Mwajabu, ni Mluguru wa milimani, upande wa Tegetero. Walikuwa na binti mmoja, Asha, wakati huo yuko darasa la kwanza. Mtoto alikuwa anaishi juu mlimani kwa bibi yake, karibu na shule, akitunzwa na kaka wa Mwajabu anayeitwa Shomari. Gaspari alikuwa anampenda yule mtoto kupita kiasi, na hilo ndilo lililomleta kwetu. Aliniambia nilipokuwa namvisha maiki, "Mama, mimi leo nikiambiwa si wangu sijui nitarudi vipi nyumbani."

Kilichomtia shaka hakikuwa mwanaume yeyote. Yalikuwa ni maneno. Alitaka kumpeleka mtoto Songea akawaone babu na bibi, mama mkwe akamwambia, "Mtoto ana wenyewe, muulize mjomba wake." Alitaka kumhamishia shule ya karibu na shamba la miwa, akaambiwa mjomba hajakubali. Alipouliza kwani yeye ni nani, shemeji zake wakacheka, wakamwambia yeye ni baba, lakini mtoto ni wa mjomba. Kwao Songea mtoto ni wa baba, hakuna mjadala. Maneno yale aliyachukua kama utani, kisha kama dharau, na siku waliyogombana na mkewe akayasikia upya, akaona ni kama amekuwa akiambiwa siri mchana kweupe miaka yote.

Na kwetu ni maneno ya kawaida kabisa. Mimi mama yangu ni wa kijiji cha jirani na Tegetero. Kwa Waluguru mtoto huhesabiwa upande wa mama. Shamba anapata kwa ukoo wa mama, na msimamizi wake, wa kuulizwa akiumwa, akisoma, akiolewa, ni kaka wa mama. Baba anapendwa na anaheshimiwa, lakini akisema mtoto ni wake peke yake atatazamwa kama aliyelewa. Tunasema mtoto ni wa mjomba kama mnavyosema nyumba ni ya baba. Hakuna anayewaza kitanda.

Kipindi kilikuwa mubashara. Gaspari alieleza shida yake vizuri, kwa unyonge, na ukumbi ukamwonea huruma. Kisha hakimu akamgeukia Mwajabu, akaweka ile sauti yake ya joho.

"Mama, mbele ya baraza hili, huyu mtoto Asha ni wa nani?"

Mwajabu alikuwa na hasira. Alikuwa ameletwa mjini kuaibishwa, na aliona anaulizwa swali la kitoto. Akajibu, "Wa mjomba wake."

"Wa nani?"

"Wa mjomba wake! Kwani hamjui? Kaka yangu Shomari, tumbo moja."

Nitawaambia kweli, hata mimi niliduwaa. Nimeishi mjini muda mrefu, na kwa sekunde chache niliyasikia maneno yale kama walivyoyasikia watu wa mjini. Kisha ukumbi ukalipuka. Watu walisimama kwenye viti. Mwanamke mmoja alifunika uso kwa khanga na kupiga kelele za laana. Simu zilikuwa juu, ingawa tulikuwa tumezipiga marufuku mlangoni. Gaspari aliinama kama mtu aliyepigwa tumboni. Na katika hedifoni, chini ya zogo lote lile, nilimsikia Mwajabu anajiuliza kwa sauti ndogo, "Mbona wanacheka?"

Hapo ndipo Uluguru wangu uliponirudia. Nikabonyeza kitufe cha kuongea na Deo.

"Deo, nenda mapumziko. Hajasema mnavyodhani."

"Bi Tatu, kasema kwa mdomo wake."

"Kasema mtoto ni wa ukoo. Mjomba ndiye msimamizi. Hakuna aliyelala na mtu. Nenda mapumziko, nakuomba."

Deo si mtu mbaya, na sitaki mtu asome hapa aanze kumtazama vibaya. Aliniamini papo hapo, akaweka matangazo. Mimi nikaenda mbele, nikajifanya natengeneza maiki ya Mwajabu, nikaizima kwanza, nikamweleza sikioni kile ambacho watu wameelewa.

Hakulia. Alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia. Akasema, "Dada, kaka yangu ataliona hili?" Nikamwambia tutalirekebisha sasa hivi, mbele ya watu wale wale. Niliamini hivyo.

Na tulilirekebisha. Tuliporudi hewani hakimu alimpa nafasi, Mwajabu akaeleza mila ya kwao kwa utulivu hata ukumbi ukanyamaza. Hakimu akaomba radhi kwa niaba ya baraza. Kisha akasoma majibu ya vipimo kutoka Dar es Salaam: Gaspari ndiye baba mzazi wa Asha, bila shaka yoyote. Gaspari alipiga magoti. "Nisamehe, mama Asha. Miaka yote nilikuwa sielewi lugha ya watu niliooa kwao." Wakakumbatiana, watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Kwa televisheni ilikuwa siku nzuri sana, na ofisini tulipongezana.

Kabla hata hatujakunja waya, kipande cha kwanza kilikuwa kimeshasambaa mitandaoni. Mtu alichopoa swali la hakimu, akachopoa jibu, akaweka zile kelele za ukumbi na vicheko, basi. Hakuna maelezo, hakuna vipimo, hakuna magoti. Tulijaribu. Deo alitoa kipindi kizima bure mtandaoni, akaandika ufafanuzi, akawasihi wenye kurasa zao waondoe. Waliondoa wawili, wakaweka ishirini. Vijana wa stendi wakaanza kulitumia jibu lile kama mzaha: ukiuliza simu hii ya nani, unajibiwa ya mjomba wake. Nimeusikia mzaha ule hadi kwenye duka la dawa, mbele ya mgonjwa.

Nilipanda Tegetero mwenyewe, nikiwa na kipindi kizima kwenye simu. Nilikaribishwa kwa adabu zote. Wazee wa ukoo walisikiliza mwanzo hadi mwisho, na walipofika pale Mwajabu anaposema wa mjomba wake, hawakushtuka hata kidogo. Mmoja akauliza ubaya uko wapi hapo. Hao hawakuhitaji ufafanuzi wangu. Waliouhitaji walikuwa wafanyabiashara wanaopanda kununua ndizi na mdalasini, walimu wageni, vijana wa pale pale waliokulia kwenye simu kuliko jikoni kwa bibi zao. Hao walikuwa wameshacheka.

Shomari nilimkuta nyuma ya nyumba anapalilia. Mtu mrefu, mpole, mdomo mzito. Nilijua habari zake kutoka kwa Mwajabu: mvua zikizidi na vijito vikijaa, alikuwa anambeba Asha mabegani kumpeleka shule, mkoba wa mtoto umening'inia kwenye paji la uso wake. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nikamwambia tumeshasahihisha, nikataka kumwonyesha. Hakuishika simu.

"Nashukuru, dada, umetoka mbali," akasema. "Lakini wewe umekuja na maelezo marefu. Wao wana maneno matatu."

Nikairudisha simu mfukoni. Yeye akaendelea, "Jana mtoto kaniuliza, mjomba, mbona siku hizi hunibebi. Nimemwambia umekua mzito."

Alijaribu kukaa. Vijana walikuwa wanamwita Baba Mjomba kwenye njia ya sokoni, wengine kwa utani tu, bila chuki, wakidhani anazoea. Akaacha kwenda sokoni. Akaacha kukaa barazani Asha akiwepo. Mtoto akiingia, yeye anatoka. Kisha akaliacha shamba kwa dada yake akashuka Dakawa kulima mpunga wa watu wengine, mahali ambapo hakuna anayemjua jina. Aliyekuwa msimamizi wa nyumba nzima akawa kibarua wa majaruba. Gaspari, ambaye ndiye aliyeogopa kumkosa mtoto, aliacha kazi ya miwa akahamia mlimani kuwa karibu na bintiye. Kwa hiyo baba alimpata mtoto, na mtoto akamkosa mjomba.

Tuliendelea na kipindi. Sitawadanganya kwamba niliacha kazi kwa uchungu. Nilikuwa na watoto wa kusomesha. Lakini tangu siku ile kila mtu wa mlimani akija, nilikuwa nakaa naye nyuma ya pazia na kumuuliza kwa lugha ya nyumbani atasema nini, kisha namweleza neno fulani likisikika huku mjini litamaanisha nini. Hakimu alikuja kupenda utaratibu ule, na Deo akauweka kuwa sheria. Ninyi mnaoufanya leo mkidhani ni urasimu wa Bi Tatu, sasa mnajua ulikotoka. Haumsaidii Shomari kitu.

Mwaka huu, muda mfupi kabla sijastaafu, Mwajabu alinialika. Asha alikuwa amevunja ungo, amewekwa ndani, na sasa anatolewa. Mnajua mambo ya mwali: akiwa ndani bibi na makungwi humfundisha kila kitu, jinsi ya kukaa, kutazama, kuamkia wakubwa, na siku ya kutoka hafanyi lolote la kichwani mwake. Anaangalia mkubwa anafanya nini, anafuata. Na mtu wa kumpokea mlangoni, kumshika mikono yote miwili na kumtembeza mbele ya ukoo aseme huyu ni wetu, ni mjomba.

Gaspari alikuwa ameshuka Dakawa mwenyewe kumfuata Shomari. Aliniambia, "Nilimwambia shemeji, mimi ndiye niliyempeleka dada yako kule kwenye televisheni, kwa hiyo mimi ndiye wa kukubeba nikurudishe. Kasema atakuja, lakini asiambiwe asogee." Akafuta uso kwa kiganja. "Mama, mimi nikisema ni mjomba wake tu, atanisikiliza nani?"

Ngoma ilikuwa nzuri, ukungu ulikuwa umepanda na jua limetoka. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka mjini. Shomari alifika akiwa amevaa kanzu safi, amekonda, nywele zimeingia mvi. Alisimama mbali, karibu na migomba. Wazee wakamwita. Hakusogea. Wakamwita tena kwa jina la ukoo, na hapo hakuna mtu anayekataa, akaja taratibu mpaka mbele ya mlango.

Makungwi wakamtoa Asha. Amekua mrefu, kafanana na baba yake mpaka unaona aibu kwamba kuna mtu alihitaji vipimo. Alikuwa ameinamisha macho kama alivyofundishwa. Vigelegele vikapigwa, na vijana wote pale uani wakainua simu zao kwa pamoja, kama tunavyofanya sote siku hizi kwenye kila sherehe, bila nia mbaya.

Shomari akaziona simu. Niliona macho yake yanazunguka kutoka moja hadi nyingine. Mikono aliyokuwa ameanza kuinyoosha akairudisha, akaiweka nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko.

"Shikamoo, mjomba," Asha akasema.

"Marahaba."

Mtoto akasubiri. Akainua macho kidogo kutazama mkubwa wake amesimamaje. Kisha, kwa kuwa hakutaka kukosea siku ile mbele ya ukoo wote, naye akaiweka mikono yake nyuma, akasimama hivyo hivyo.